Mkate wa kumimina unakuwa gundi katikati na mweupe juu, nakosea wapi jamani?

mjukuu_wa_pangani

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada kwa wale wanaoujua mkate wa kumimina wenyewe, ule wa mchele na tui la nazi, siyo ule wa mayai na ngano. Mimi nimelelewa Pangani kwa bibi mzaa mama mpaka nilipomaliza la saba, na yeye alikuwa anaupika kwenye jiko la mkaa, makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko, unatoka juu rangi ya kahawia, pembeni umekakamaa kidogo kwa samli, na ukiukata unaona matundu yamesimama toka chini mpaka juu. Bibi ametangulia mbele ya haki mwaka juzi na sikuwahi kukaa naye nikaandika vipimo, kila nikikumbuka hilo linaniuma sana. Sasa hivi naishi Mwanza na mume na watoto, na mama yangu anakuja kufunga Ramadhani na sisi, zimebaki kama wiki tatu, nataka siku ya kwanza akikaa kufuturu aukute mezani.

Nimeshajaribu mara tatu. Mara ya kwanza nililoweka mchele saa mbili tu, nikausaga kwenye blenda na tui la kopo, nikatia sukari kikombe kizima na hamira kijiko kikubwa cha kula, vyote kwa mkupuo. Ukaumuka haraka mpaka ukamwagika, nikafurahi nikajua leo ndo leo, nikaumimina nikautia kwenye oveni, ukatoka umebonyea, mchachu, na katikati ni gundi tupu. Mara ya pili nikapunguza hamira nikaongeza bekin pauda, hapo ndo uliungua chini na juu ukabaki mweupe kama haujapikwa. Mara ya tatu nikanunua nazi sokoni nikakuna mwenyewe, mchele nikauloweka usiku kucha, ikawa afadhali kidogo maana pembeni kulikuwa na vitundu, ila katikati bado umekwama, halafu una kaharufu fulani kama ka mafuta ya zamani sijui kanatoka wapi.

Mchanganyiko wangu ukiwa tayari unakuwa kama maziwa ya kawaida, sijui ndo unatakiwa hivyo? Nina jiko la gesi la plate mbili na oveni ndogo ya umeme ya mezani, jiko la mkaa pia ninalo. Mwenye kujua aniambie kila kitu, hata kile anachoona ni kidogo, maana nahisi mimi ndo vidogo vinanipita.

bimkubwa_wa_ngambo

Mwanangu pole, Mungu amrehemu bibi yako amlaze pema. Usijiumize kwa vipimo, bibi zetu walikuwa na kikombe kimoja cha bati miaka yote, kikombe ndo kipimo chenyewe, hata ungemuuliza angekwambia "tia kiasi" basi. Mie nimeanza kuupika mkate huu tokea msichana na huku Unguja ndo mkate wa futari na wa shughuli, makosa yako nnayaona hata bila kuuona huo mkate.

Kubwa kuliko yote ni sukari. Sukari ikiingia kwenye mchele uliosagwa inayayuka inakuwa maji. Wewe umeshatia tui ukaona sawa, ukamwaga sukari kikombe kizima, baada ya dakika kumi mchanganyiko umekuwa maziwa, na hapo ndo mkate umeshaharibika kabla hata hujawasha jiko. Mchele si ngano mwanangu, ngano ina mnato wake unaoshika hewa ya hamira hata ukikosea kidogo, mchele hauna, kinachoshika hewa ni uzito wa mchanganyiko peke yake. Ukiwa mwepesi hewa inapanda inatoka, juu unaona povu unafurahi umeumuka, kumbe mchele umeshuka chini umelala na tui limeelea juu. Ndo hiyo gundi yako.

Sasa sikiliza nnavyofanya mie. Mchele vikombe viwili, kikombe cha chai cha mililita 250, mchele mweupe wa kawaida, usitie ule wa njano njano uliochemshwa na maganda yake, ule hausagiki ukalainika. Unauosha mpaka maji yawe maangavu kabisa unauloweka usiku kucha, asubuhi unauchuja kwenye chujio na unauwacha ujichuje kweli kweli, si unachota na maji yake, maana yale maji yaliyobaki nayo yanahesabika. Tui liwe kasimele, tui la kwanza zito, kama kikombe kimoja na robo, na robo nyengine unaiweka pembeni usije ukaihitaji. Hamira ya chenga kijiko kimoja cha CHAI, si cha kula. Iliki uitwange mwenyewe nusu kijiko cha chai. Unatia kwenye blenda mchele na tui kwanza, unasaga, unapumzisha blenda isipate moto, unasaga tena. Halafu chovya vidole usugue baina ya kidole gumba na cha shahada, ukisikia chenga hata moja kama mchanga wa pwani rudi usage. Chenga zikibaki ndo zinazama chini.

Kipimo changu cha uzito ni mwiko. Unachota unanyanyua juu, mchanganyiko uanguke kama utepe mnene, na ukianguka uonekane umekaa juu kidogo kabla haujazama. Ukianguka "chururu" kama chai ya maziwa, ushakuwa mwepesi. Hapo sukari bado hujatia ujue, ndo maana unauwacha uwe mzito kuliko unavyotaka.

Hamira unaitia mwisho wa kusaga, unamimina kwenye bakuli kubwa unafunika unauwacha. Kwa joto la huku kwetu saa moja haifiki, huko Mwanza sijui kukoje lakini usiangalie saa, angalia bakuli, ukiona umepanda kama nusu yake tena na juu kuna mapovu madogo madogo yanapasuka, ushafika. Ukingoja mpaka uanze kubonyea katikati ushakuwa mchachu, na huo uchachu sukari haiufichi. Hapo ndo unatia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja ulioupiga kidogo, unakoroga polepole, unauwacha tena robo saa ndo unamimina.

Bekin pauda usitie. Si mahala pake.

kijana_wa_kibokoni

Shikamoo Bi mkubwa, umesema kweli tupu hapo kwa sukari. Sisi huku Mombasa twauita mkate wa sinia, wengine mkate wa kumimina pia, na mwezi wa Ramadhani mamangu huuza jioni karibu na msikiti, mimi ndo husimamia moto tangu niko darasa la sita, kwa hivyo dadangu niache nikusaidie upande wa moto maana hilo la juu jeupe chini limeungua ni moto mtupu, hata ukitengeneza mchanganyiko wa Bi mkubwa vile vile ukikosea moto utaharibika.

Huu mkate hautaki moto wa pande zote kwa wakati mmoja. Mwanzo wataka moto wa chini, mdogo, mfuniko hakuna, ili hewa ipande itoboe njia mpaka juu, yale matundu ndo njia zenyewe. Ukiutia kwa ova moja kwa moja juu yashika ngozi mapema, hewa yakosa pa kutokea, yabaki ndani yavunjikavunjika na katikati hapaivi. Kwa hivyo chukua sufuria nzito ya chini nene, ile nyembamba ya bati ndo ilikuunguzia. Iweke kwa gesi moto mdogo kabisa ipate joto, paka samli chini na pembeni zote, usiwe bahili hapo. Mimina mchanganyiko usizidi nusu ya sufuria. Utasikia "chiii" kidogo pembeni, hiyo ndo sauti wataka, ukisikia kishindo cha kukaanga moto umezidi na usiposikia kitu sufuria bado baridi.

Sasa usiondoke. Simama hapo hapo. Baada ya dakika kama nane hivi utaona pembeni kunakauka, na vitundu vyaanza kutokeza kuzunguka, halafu vyasonga kuja katikati pole pole. Vikifika katikati na juu bado kunang'aa majimaji kidogo, hapo ndo waipeleka sufuria kwa ova moto wa juu, ikiwa ova yako ina ile grili weka grili, iwe mbali kidogo na ule waya mwekundu. Angalia ushike rangi ya dhahabu kuingia kahawia. Mkono wa sufuria uwe wa chuma siyo wa plastiki, nimeona watu wakiyayusha.

Kwa yai sisi hatutii. Mamangu asema ute wa yai wafanya mkate uwe laini sana kama keki na yeye ataka ule wa kutafuna. Bi mkubwa asinikasirikie, kila nyumba na mkono wake.

bimkubwa_wa_ngambo

Marahaba mwanangu, sikasiriki hata kidogo. Nyinyi wa Mombasa mnaupenda mgumu kidogo sie twaupenda laini, ndo hivyo. Wala hatukuwa na mayai ya kuchezea zamani, wengi walipika bila. Ila kwa anayejifunza ute unamsaidia kushika zile hewa, akishazoea ataamua mwenyewe.

mjukuu_wa_pangani

Jamani asanteni, nimesoma nikiwa jikoni kabisa na nimeelewa kumbe tatizo halikuwa hamira, mimi kila mara nilikuwa nagusa hamira tu napunguza naongeza. Na ile ya kuchuja mchele mpaka ukauke maji sikuwahi kuifanya hata siku moja.

Bado nina maswali mawili, oveni yangu ina waya wa juu na wa chini lakini ni ndogo, sufuria yenye mkono haiingii. Na la pili ni nazi, huku Mwanza nazi zinatoka pwani zinasafiri, ninazopata nyingi ni kavu sana, nahisi ile harufu ya mafuta ya zamani inatoka huko. Nitumie kopo tu?

ummu_watatu_maskati

Dada mimi nipo Maskati mwaka wa 11 sasa, asili yangu Pemba, tatizo lako la nazi ndo langu la kila siku, acha nikwambie nilivyojifunza kwa kuharibu.

Nazi ikisafiri na kukaa ghalani, mafuta yake yanageuka, na hiyo ndo harufu uliyoipata. Ukiwa sokoni shika nazi uitikise sikioni, usikie maji yanacheza na iwe nzito mkononi. Isiyo na maji usiichukue, aidha imekauka au imeshaanza kuota na ndani imejaa joya, lile bonge laini la nazi inayoota, watoto wanaipenda joya ile kwa utamu lakini nyama ya nazi yenyewe inakuwa imeshapungua mafuta, tui lake jepesi. Angalia na yale macho matatu, yakiwa na ukungu au unyevu iache. Ukifika nyumbani ukiivunja onja maji yake kwanza kabla ya kukuna, yakiwa machachu au yanawasha ulimi, tupa, usiseme nitaichanganya na nzuri, nazi moja mbovu inaharibu tui lote. Nunua tatu ujue utatumia mbili.

Halafu kwenye kukamua, wengi tunakosea kwa kumwaga maji mengi. Kwa nazi kubwa mbili tia maji ya uvuguvugu kikombe kimoja tu, yafinyange machicha kwa mkono mpaka uone mikono inateleza kwa mafuta, ndo ukamue. Kitambaa kizito cha pamba kinafanya kazi nzuri kama huna kifumbu cha kukamulia. Tui la pili weka upikie mchuzi au maharage, kwenye mkate usilitie. Na liache lipoe kabisa, tui la moto linaua hamira.

Kopo si vibaya ikibidi. Mimi naliweka friji usiku mmoja bila kulitikisa, asubuhi nalifungua, makopo mengi utakuta mafuta mazito yameganda juu na maji chini, nachota ule uzito nauyayusha na yale maji kidogo kidogo mpaka niridhike. Soma pia pale ubavuni asilimia ya nazi, ukikuta ndogo ujue unanunua maji. Tui la unga nalo linafaa ila usifuate maji wanayokwambia, tia nusu yake.

Kuna kitu kingine nilifundishwa na jirani yangu wa Kerala, kule India. Wao wana mkate wao unaitwa vattayappam, siku aliponiletea nilishangaa, mchele ule ule, nazi ile ile, iliki, hamira, sukari, tofauti wao wanaupika kwa mvuke na nazi wanaisaga nzima bila kukamua. Yeye anachukua kama vijiko vitatu vya mchele uliosagwa anavipika na maji kidogo mpaka viwe uji mzito, akipoa anaurudisha kwenye mchanganyiko ndo anatia hamira. Ule uji unaupa mchanganyiko mwili, hautengani mchele chini tui juu. Nilijaribu kwenye kumimina yangu na tokea siku hiyo siachi. Kwa mtu ambaye mkate wake unakwama kila mara kama wewe, hii itakusaidia kuliko kitu kingine chochote. Lakini upoe kweli, usitie wa moto.

fundi_keki_temeke

Kwa nini msitumie unga wa mchele ule wa paketi? Haraka zaidi na hakuna kuloweka

ummu_watatu_maskati

Nimejaribu. Ule umesagwa mkavu, unakuwa na ukwaru mdomoni hata ukiusaga tena, na ili ulainike inabidi uuloweke na tui usiku mzima, sasa hapo haraka iko wapi. Mchele ulioloweshwa unasagika mpaka unakuwa kama krimu.

mzee_wa_chumbageni

Binti, pole na hongera kwa kutaka kuushika mkono wa bibi yako. Wengine wamekueleza vizuri habari ya gesi na oveni. Lakini umesema jiko la mkaa unalo, na alichokuwa anapika bibi yako Pangani ni hicho hicho anachopika mke wangu hapa Tanga mpaka leo, kwa hiyo mimi nitakueleza njia ya makaa, kwa sababu ile rangi na ile harufu unayoikumbuka haitoki kwenye umeme.

Makaa yawashe mapema yashike yote mpaka yapate majivu meupe juu, usipike na makaa yanayotoa moshi hata kidogo, tui linashika moshi haraka na mkate utanuka. Yakishakuwa tayari yagawe. Chini ya sufuria yabaki machache tu, yasambaze pembeni kuzunguka, usiyarundike katikati, ndipo panapoungua. Weka sufuria, samli, mimina, subiri kama alivyosema kijana wa Mombasa mpaka vitundu vifike katikati. Sasa ndipo unafunika kwa mfuniko wa bati ulio bapa, na juu yake unapalia makaa mengi kuliko ya chini, mara mbili hivi, na haya ya juu yapange mpaka kwenye ukingo. Kama huna mfuniko mzuri sinia la zamani la bati linatosha. Ukishapalia juu, unaweza kupunguza tena ya chini, kwa sababu jiko lenyewe limeshashika joto.

Hapo usifunue funue. Mke wangu anategemea pua. Mwanzo utasikia harufu ya wali wa nazi, ikibadilika ikawa harufu ya sukari inayoanza kuungua kwa mbali, dakika mbili tu baadaye unafunua. Ukifunua, nyanyua mfuniko moja kwa moja juu usiuinamishe, majivu yasimwagikie mkate. Chomeka kijiti cha chelewa katikati, kikitoka kikavu umeiva, kikitoka na unyevu wa maziwa rudisha.

Na jambo moja ambalo sijaona mtu amelisema. USIUKATE WA MOTO. Mkate wa mchele ukitoka jikoni ndani bado haujatulia, ukiuchana wa moto unang'ang'ania kisu unaona kama gundi na pengine ulikuwa umeiva vizuri kabisa. Labda hata ule wa mara ya tatu ulikuwa na nafuu kuliko ulivyodhani. Uache kwenye sufuria mpaka ushikike kwa mkono, pitisha kisu pembeni, upindue kwenye sinia, uache tena upoe kabisa. Bibi yako alikuwa anapika adhuhuri kwa ajili ya magharibi, sababu ni hiyo.

mjukuu_wa_pangani

Mzee wangu shikamoo, umenikumbusha kitu kimenitoa machozi. Kweli bibi alikuwa anapika baada ya swala ya adhuhuri halafu mkate anaufunika na kawa pale barazani na anatufukuza tusisogee, mimi miaka yote nilijua anatunyima mpaka futari ifike. Kumbe alikuwa anaungoja upoe.

Naloweka mchele leo. Nitarudi.

mjukuu_wa_pangani

Nimerudi wapendwa, nimepika jana na juzi.

Juzi nilianza na gesi na oveni. Sufuria ya mkono haikuingia nikatumia bati nene la keki la duara, kama sentimita 20, nikaliweka juu ya gesi kwa moto mdogo nikamimina. Mchele ulikuwa huu wa Kahama, niliuloweka tangu saa mbili usiku, nikauchuja nusu saa nzima, nazi nilinunua tatu na moja kweli maji yake yalikuwa yanawasha nikaitupa. Nikafanya ule uji wa ummu wa vijiko vitatu. Mchanganyiko kabla ya sukari ulikuwa mzito mpaka nikaogopa nikataka kuongeza ile robo ya tui, nikajizuia, na baada ya kutia sukari nikaona kwa macho yangu unalegea pale pale kwenye bakuli, nikasema ndo hiki Bi mkubwa alichokuwa anakisema. Nilisimama jikoni sikuondoka. Vitundu vilianza pembeni kimoja kimoja halafu vikawa vinakuja katikati kama mvua inavyoanza kudondoka kwenye mchanga. Nimekata baada ya saa mbili, umeiva katikati!!! Matundu yapo, yamesimama. Rangi ya juu tu ndo ilikuwa hafifu, na utamu naona umezidi kidogo kwangu, nitapunguza sukari iwe nusu kikombe na kijiko kimoja.

Jana nikafanya wa makaa. Upande mmoja umeungua kidogo kwa sababu makaa ya chini nilisogeza sana kushoto, lakini ile harufu, jamani ile harufu ilipobadilika nikiwa nimekaa kwenye kigoda niliinuka bila kujijua. Juu umetoka kahawia na pembeni umekakamaa kwa samli vile vile. Nilipokata kipande nikakinyanyua kwenye mwanga, mwanga unapita kwenye vile vitundu. Mtoto wangu wa kwanza ameuliza mama huu ni mkate gani, nikamwambia wa bibi yangu wa Pangani.

Mama anaingia Alhamisi na basi la usiku. Sasa swali la mwisho, siku ile nitakuwa na mambo mengi, naweza kuupika siku moja kabla nikauweka friji?

bimkubwa_wa_ngambo

Alhamdulillah! Nimefurahi kama nimeula mie.

Friji usiutie mwanangu, mchele ukipata baridi unakuwa mgumu kama chaki, na nje nao ukilala kwenye joto tui linachacha. Upike siku hiyo hiyo. Fanya hivi, loweka mchele usiku wa kuamkia, nazi ikune na uikamue asubuhi, saa tano usage uumue, adhuhuri ukishaswali unauweka jikoni. Ikitokea umebaki mpaka daku, uweke kwenye chujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka dakika tano, unarudi laini. Na makaa ya chini yasambaze sawasawa mara hii, geuza sufuria robo duara kila baada ya muda, hautaungua upande. Msalimie mama yako.

kijana_wa_kibokoni

Dadangu hongera sana. Na umtilie mamako kile kipande cha pembeni chenye samli, si cha katikati.